Kigingi Nje ya Minyaa

Kaa vizuri, wewe unayenisikiliza. Nyoosha mgongo, legeza mabega, vuta pumzi moja ndefu kwa pua kisha uitoe polepole. Kama una maji safi karibu, kunywa mafunda mawili. Umeona? Sijaanza hata kusimulia, na tayari umeutendea mwili wako mambo matatu mema. Afya si jambo gumu kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa yake ni mambo madogo ya namna hiyo, ambayo mtu anaweza kuelezwa asubuhi na akaanza kuyafanya mchana. Mimi nimeishi kwa kuyaeleza. Lakini lipo moja ambalo hakuna aliyenifundisha, na nililijua baada ya kukaribia kumuua mtu kwa kutolijua. Ndilo ninalotaka kukusimulia leo, taratibu, tangu mwanzo wake.

Nilikuwa dresa. Neno hilo halisikiki sana siku hizi. Dresa alikuwa mtu aliyefundishwa kusafisha vidonda, kuchoma sindano, kugawa dawa chache, na kumtambua mgonjwa aliyemzidi uwezo ili ampeleke kwa daktari. Nilijifunza kazi hiyo Shinyanga mjini, na katikati ya miaka ya hamsini nikapelekwa kwenye zahanati ndogo ya utemi, upande wa Kharumwa, ambako njia ya kwenda machimbo ya dhahabu ya Geita ilipita katikati ya mashamba ya pamba. Kwetu ni Singida. Kisukuma nilichokuwa nacho kilikuwa cha salamu tu: asubuhi mwangaluka, jioni mwadila, na nikipewa kitu, wabeja. Baada ya hapo nilikuwa bubu.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, na nyuma yake chumba changu cha kulala. Siku mbili kila wiki, kabla ya kugawa dawa, nilisimama barazani nikawaeleza watu habari za afya. Karani wa ghala la pamba, kijana mwenzangu mwenye maneno mengi, alinitafsiria. Niliwaeleza kwamba maji ya lambo, hata yakiwa meupe, yachemshwe mpaka yatokote kweli kweli. Kwamba mikono ioshwe kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Kwamba michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, inashibisha lakini haitoshi peke yake. Iongezewe karanga, maziwa, mboga za majani. Kwamba mtu alale akipata hewa. Na kwamba kila mtu awe na bakuli lake.

Hilo la bakuli liliwachekesha. Mzee mmoja akamwambia karani jambo refu, watu wakaangua kicheko.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema, ndugu wakila kila mmoja na bakuli lake, jirani atakuja kuuliza wamegombania nini."

Nikacheka nao, lakini sikuelewa. Na nilikuwa nimeshafanya kosa langu la kwanza.

Mji uliokuwa karibu na zahanati ulikuwa mji mkubwa: nyumba tano au sita za ndugu, zizi la ng'ombe katikati, na kuzunguka yote hayo ua mnene wa minyaa, ile mimea ya kijani isiyo na majani, yenye utomvu mweupe. Kila jioni wanaume wa mji huo waliwasha moto uwanjani, mahali wanapopaita shikome. Hapo ndipo wanaume walipokula pamoja, wakaongea habari za ng'ombe na za dunia, na mgeni akipita alikaribishwa hapo. Wiki yangu ya kwanza mwenye mji alikuja mwenyewe kunichukua. Nilisimama pembeni ya moto, nikaona mikono saba au minane ikiingia katika bakuli moja la ugali wa mtama, nikakumbuka yote niliyofundishwa. Nikasema asante, nimeshakula. Sikuwa nimekula. Walinikaribisha mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne hawakuja.

Basi nikawa nakula chumbani kwangu. Sahani yangu niliisuuza kwa maji yaliyochemka. Nilikuwa safi kuliko mtu yeyote katika eneo lile, na kutoka jua linapozama mpaka linapochomoza sikusikia jina langu likitamkwa. Sauti za shikome zilinifikia kupitia dirishani. Nilisikia kicheko bila kujua kinachochekwa. Baada ya miezi michache niliacha kupika. Nilitafuna michembe mikavu nikiwa nimesimama, kama mtu anayesubiri gari. Usingizi ukawa mwepesi. Mchana niliwaambia watu wale vizuri na walale vizuri, na suruali yangu mwenyewe nilikuwa naifunga kwa kamba.

Ndipo alipofika yule mtu.

Alikuwa mdogo wake mwenye mji, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa amefanya kazi machimboni Geita kwa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba ili uwekwe baruti, na vumbi la mawe alikuwa amelimeza kama mwingine anavyomeza uji. Alipoanza kukohoa damu alipelekwa hospitali kubwa, akalazwa miezi kadhaa, akachomwa sindano nyingi. Sasa alikuwa amerudi nyumbani na barua ya daktari na chupa ya vidonge. Barua ilisema: ana kifua kikuu, ana nafuu, ameze vidonge kila siku bila kukosa kwa mwaka mzima, ale vizuri, alale mahali penye hewa, atengwe na wengine.

Aliingia zahanati akiwa ameinamisha kichwa chini ya mlango, mrefu, mifupa ya mabega imetokeza.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, daktari." Kiswahili chake kilikuwa cha machimboni, chepesi, kimepitia midomo ya watu wa kila kabila. "Mbona umekonda hivyo? Au barua hii ni yako, mimi nimeletwa kimakosa?"

Nilicheka mpaka nikashangaa sauti yangu mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amenitania tangu nifike.

Mgonjwa wa namna ile lazima apimwe uzito, kwa sababu uzito husema ukweli mapema kuliko mdomo. Zahanati haikuwa na mizani ya watu, kwa hiyo tulikwenda kwa karani ghalani, kwenye mizani ya ndoano ya kupimia pamba. Tukamfungia gunia kama pembea, akakaa ndani, miguu ikaning'inia.

"Karani," akasema akizunguka taratibu hewani, "sema kweli. Mimi ni safi au fifi?"

Kwa asiyejua: pamba nyeupe isiyo na uchafu iliitwa safi, na ile yenye madoa iliitwa fifi.

"Safi, baba," karani akasema, "ila umechumwa kabla hujakomaa."

Alikuwa ratili mia na ishirini na mbili, kama kilo hamsini na tano za leo. Nikaandika. Kwa urefu wake ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa mahali pa kuanzia, na nilimwambia hivyo. Ukianza na mgonjwa, msikilizaji wangu, usimtishe kwa umbali uliobaki. Mwonyeshe hatua ya kesho.

Kisha tulikwenda mjini kwake kutekeleza lile neno la mwisho la barua: atengwe. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa wa kifua awe na chombo chake, kikombe chake, na nyumba yake mbali na watoto. Mwenye mji alinipokea kwa heshima. Mke wa mgonjwa, mama mnene kidogo mwenye sauti ndogo, alisimama mlangoni mwake akisikiliza. Nikaeleza yote, mgonjwa mwenyewe akitafsiri. Mwenye mji akauliza, "Mbali kiasi gani?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nikasema, hatua ishirini. Na kwa kuwa nilipenda mambo yaonekane kwa macho, nikaanzia kwenye ukuta wa nyumba ya yule mama, nikahesabu hatua kwa sauti, moja, mbili, tatu. Hatua ya kumi na sita ilinifikisha kwenye ua wa minyaa. Palikuwa na uwazi mdogo wa kupitishia ndama, nikapita. Hatua ya ishirini iliangukia nje, kwenye nyasi. Nikapigilia kigingi hapo kwa jiwe. "Nyumba ijengwe hapa," nikasema.

Nilipogeuka, hakuna aliyekuwa amenifuata kupita ule uwazi. Mke wa mgonjwa alikuwa ameingia ndani. Nilidhani ni huzuni ya ugonjwa, nikawatia moyo kwamba mwaka mmoja si mrefu. Mwenye mji alinitazama, akatazama kigingi, akasema, "Wewe ndiye daktari." Nyumba ikajengwa kwa siku tatu: ya duara, ya nyasi, mlango mfupi, bila dirisha kwa sababu ya fisi.

Miezi miwili ya kwanza nilikuwa na furaha, sikufichi. Kila asubuhi alikuja barazani kwangu, nikampa kidonge na maji, akameza, tukaongea kwa Kiswahili mpaka wagonjwa wengine walipofika. Alinisimulia jinsi chini ya ardhi kulivyo na joto, na jinsi watu wa huko walivyoitana mashemeji hata kama hawajui dada zao wako wapi. Alinifanya mtani wake bila kuniuliza kabila. Kila Jumamosi tulikwenda kwenye mizani. Ratili mia na ishirini na nne. Mia na ishirini na tano.

Halafu mvua zilianza, njia ikawa tope, akaniomba nimpe vidonge vya wiki nzima akae navyo. Nikampa. Jumamosi iliyofuata mizani ikasema mia na ishirini na moja.

"Unameza?"

"Nameza."

"Unakula?"

"Naletewa chakula kingi, daktari. Hata paka wananionea wivu."

Jumamosi nyingine, mia na kumi na sita. Karani hakutania. Mgonjwa naye hakuuliza kama ni safi au fifi; alishuka kwenye gunia akishika bega langu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama bua. Nikaona wazi kwamba akiendelea hivyo hatafika kiangazi.

Mchana uleule nikaenda nyumbani kwake. Sikuwa nimeingia ndani tangu ijengwe. Nje ya uwazi wa ua kulikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe bakuli lililofunikwa. Ugali ulikuwa wa baridi, umefanya ngozi. Ndivyo alivyokuwa akiletewa chakula: mke wake aliweka bakuli juu ya jiwe, akagonga kifuniko mara mbili, akaondoka kabla mumewe hajatoka. Hivyo ndivyo walivyonielewa niliposema asiguse vyombo vyao.

Nikainama kuingia. Kulikuwa giza, moshi, na harufu ya mtu aliyelala kwa siku nyingi. Alikuwa amelala akielekea ukutani. Macho yangu yalipozoea, nikaona paa kwa ndani limechomekwa vitu vyeupe vidogo katikati ya nyasi, vimepangwa mstari mmoja nadhifu. Vilikuwa vidonge.

Nikakaa chini.

"Nilikuwa nahesabu siku," akasema bila kugeuka. "Kila siku moja naweka kimoja."

"Kwa nini humezi?"

"Nimeze ili niwe nani?"

"Sielewi, kaka."

"Najua huelewi. Ungeelewa, usingefanya." Akageuka, akakaa, akasubiri kikohozi kipite. "Kwetu mtu anajengewa nje ya minyaa akishashindikana. Mchawi anawekwa nje. Mwizi wa ng'ombe wa baba yake anawekwa nje. Mtu akishapita ule ua, mji umemkana. Hawamwiti. Akifa hawanyoi nywele za msiba. Wewe ulinipeleka mchana kweupe, unahesabu kwa sauti kama mnadani. Kule kisimani wanawake wanamwuliza mke wangu nilimroga nani huko Geita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Wewe mwenyewe unakula peke yako. Nilidhani huko kwenu ndivyo mtu anavyoishi."

Nataka nikueleze vizuri kilichonipata hapo, maana ndicho kiini cha somo. Aibu nilipata, lakini hiyo ilikuja baadaye. Kwanza nilimtazama yule mtu kwenye ngozi ya ng'ombe aliyolalia, bakuli la baridi nje, na nikaona chumba changu mwenyewe. Suruali yangu yenye kamba. Michembe yangu ya kusimama. Nilikuwa nimempa mgonjwa wangu maradhi niliyokuwa nayo mimi, na yalikuwa yakimmaliza upesi zaidi kwa sababu yeye alikuwa na mengine juu yake.

Nikarudi zahanati, nikakaa barazani, nikaanza kufikiri kama mtu wa kazi. Nilikumbuka wodi ya wagonjwa wa vifua nilikojifunza. Vitanda vyao vilitolewa barazani. Madirisha yalikuwa makubwa, wazi mchana na usiku, na wauguzi walikaa nao wakiwa upande upepo unakotokea. Barua ilisema penye hewa. Na mimi nilikuwa nimemfungia kwenye nyumba isiyo na tundu, eti kwa kuwa ni mbali. Leo tunajua zaidi: kifua kikuu husafiri hewani mtu anapokohoa, hasa ndani ya chumba kilichofungwa, wala hakikai kwenye bakuli la ugali. Wakati ule sikujua yote hayo kwa hakika. Lakini nilijua kwamba mahali penye hewa nyingi kuliko pote katika mji ule palikuwa shikome, uwanja wazi, upepo ukipita. Dawa ya barua ile ilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka mlango wake wa zamani.

Kesho yake nikamwendea mwenye mji. Karani alikuja nami.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusema nilikosea."

Karani akanitazama. "Nitafsiri hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mwenye mji aliendelea kusokota kamba ya ndama. "Daktari anakosea?"

"Anakosea."

"Na hiki unachotaka kusema sasa, utakuja lini kusema nacho ulikosea?"

Wanaume wawili waliokuwa karibu wakacheka. Nilistahili. Nikawaeleza habari ya hewa na upepo, polepole, nikachukua hata kijinga cha moto nikawaonyesha moshi unavyokwenda upande mmoja na kumwacha aliye upande wa pili. Nikawaambia ugonjwa hutoka kinywani kama moshi ule: ndani ya nyumba unajaa, uwanjani unachukuliwa. Akae upande moshi unakokwenda, akohoe kwenye kitambaa, kitambaa kichemshwe. Watoto wadogo wakae mbali naye mpaka daktari aseme. Nyumba yake iwe ndani ya minyaa, na iwe na dirisha.

"Na fisi?"

"Dirisha liwe juu, na liwekwe miti."

Akafikiri. Halafu akasema jambo ambalo karani alisita kulitafsiri. "Anasema si yeye aliyemtoa. Anasema kila jioni anaona moshi wa nyumba ya mdogo wake kule nje na chakula hakipiti kooni. Lakini kigingi ulipigilia wewe kwa mkono wako. Hakuna mtu wa mji huu anayeweza kukigusa. Aliyetoa ndiye anayerudisha."

"Nitamrudisha."

"Na nani atakula na mdogo wangu? Watu wangu wanaogopa. Uliwaogopesha vizuri."

"Nitakula naye mimi."

Mwenye mji kwa mara ya kwanza aliacha kamba yake. "Wewe? Wewe uliyeshiba tangu siku uliyofika?"

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya vilima, nilikwenda nje ya minyaa na kung'oa kile kigingi. Kilikuwa kimeota mizizi midogo. Mti niliouchagua ulikuwa mbichi. Mgonjwa alitoka, akajiegemeza kwangu. Watu walikuwa wamesimama ndani ya ua, wengine wamekuja kutoka miji mingine, maana habari ilikuwa imetangulia.

"Utahesabu tena?" akaninong'oneza.

"Nitahesabu. Kwa sauti."

"Basi anzia ishirini, ushuke. Nisikie zikipungua."

Ishirini. Kumi na tisa. Kumi na nane. Tulipita kwenye uwazi wa ndama, yeye ameinama, mimi nimeinama. Kwenye kumi na mbili alisimama kupumua, nikamsubiri. Kwenye saba mke wake alitoka mlangoni. Kwenye moja aliweka kiganja chake ukutani, ule ukuta wa nyumba yake, akakiacha hapo. Mke wake akasema kitu kifupi kwa Kisukuma.

"Anasemaje?" nikamwuliza karani.

"Anasema ugali unapoa."

Tulikula watatu tu jioni ya kwanza, mgonjwa, mwenye mji na mimi, wengine wakitazama kutoka mbali. Mgonjwa na bakuli lake, upande moshi unakokwenda. Mimi nilikuwa nimebeba sahani yangu ya bati. Mwenye mji alitazama sahani ile, akatazama ugali wake, akausogeza mbele yangu. Mikono ilikuwa imeoshwa. Nilikuwa nimeleta maji na sabuni mwenyewe, na walikuwa wameosha wote bila kubisha. Basi nikaweka sahani chini, nikakata tonge katika bakuli la mwenye mji, nikachovya kwenye mlenda. Lilikuwa tonge langu la kwanza la moto kwa miezi mingi. Nikala mpaka nikaona haya.

"Tazama," mgonjwa akasema, "daktari kumbe alikuwa na tumbo."

Baada ya kula nikatoa kidonge. Akakishika kwenye kiganja, akaonyesha watu wote kama mtu wa mazingaombwe, akakimeza, akafungua mdomo wakague. Wakacheka. Kesho yake walikuja wawili zaidi kwenye moto. Baada ya wiki moja lilikuwa jambo la mji mzima: kidonge kikimezwa, wanaume walipiga kelele "Safi!" na kule nyumbani wanawake wakajua chakula kimekwisha. Nyumba mpya ilijengwa ndani ya minyaa, karibu na zizi, na dirisha juu. Mizani ilikaa mia na kumi na sita kwa wiki mbili, ikanitesa. Kisha ikasema mia na kumi na nane. Pamba ilipoanza kuchumwa alikuwa mia na thelathini na moja, na karani akamwambia gunia limeanza kulalamika.

Daktari alimpima mwaka ulipokwisha, akasema kifua kimetulia. Mapafu yaliyokula vumbi la mawe hayarudi kuwa mapya, na hakuweza tena kulima shamba kubwa. Lakini alichunga, alipiga soga, alimsumbua mke wake. Alikuwa ndani ya minyaa.

Mimi nilihamishwa mwezi mmoja baadaye, upande wa Bugarama, kwenye zahanati nyingine ya chumba kimoja. Alinisindikiza mpaka barabarani, hatua nyingi zaidi ya ishirini, akizihesabu kwa sauti ili kunichokoza. Nilipofika huko jioni ya kwanza nilipika, nikapakua, nikakaa kitandani na sahani mapajani. Nilisikia watu wakicheka mahali fulani gizani. Nilikaa hivyo kwa siku tatu, sikufichi, kabla ya kupata moyo wa kubeba sahani yangu na kufuata kicheko kile.

Sasa ni mzee. Mke wangu ametangulia, watoto wako miji ya mbali, na nyumba yangu ina madirisha makubwa. Maji nachemsha. Mikono naosha. Hata hivyo ziko jioni ambazo najikuta nimesimama jikoni, natafuna kitu cha baridi, na hapo najua ni maradhi gani yamebisha hodi. Dawa yake naijua, ila ina uchungu kidogo kuianza, maana mguu unakuwa mzito mlangoni. Kwa hiyo ninalokuagiza ni jambo ambalo hata mimi linanishinda wakati mwingine. Lakini ni fupi, na unaliweza.

Fikiria mtu mmoja karibu nawe anayekula peke yake, mgonjwa au mzima. Leo jioni nawa mikono, pakua chakula chako kikiwa cha moto, kibebe mpaka kwake. Kama anakohoa, kaeni nje, wewe ukae upande upepo unakotokea, na kama ana dawa mwombe aimeze ukiona. Kisha kaa chini, ule naye.